Tasnifu ya huduma ianzie kaunta

Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara hapa Dodoma humaliza masomo kwa kugawa dodoso. Linapelekwa benki, zahanati au nyumba ya wageni, kisha tasnifu inahitimisha kwamba huduma bora huleta wateja walioridhika. Mwenye biashara alilijua hilo tangu siku aliyofungua mlango. Anachohitaji kujua ni kwa nini wateja wanamkimbia saa kumi na moja jioni ilhali saa nne asubuhi mhudumu yuleyule anasinzia.

Madodoso mengi yametokana na SERVQUAL, kipimo ambacho Parasuraman, Zeithaml na Berry walikitoa mwaka 1988: sentensi 22, zikiulizwa mara mbili, mteja alitarajia nini na alipata nini. Chenyewe ni kipimo kizuri. Tatizo ni kwamba mteja anakijaza huku binti wa watu amesimama juani anamsubiri, na mtu muungwana hawezi kumvunja moyo. Anaweka tiki kwenye "nakubali sana" na kuendelea na safari. Wastani ukitoka 4.5 kati ya 5 kila mahali, ujue umepima adabu za watu.

Foleni haina adabu hiyo. Chukua wakala wa fedha za simu mwenye dirisha moja, anayetumia wastani wa dakika 3 kwa mteja, yaani wateja 20 kwa saa. Wakija 16 kwa saa, kila mmoja kwa wakati wake bila mpangilio, na huduma za wengine zikiwa ndefu kuliko za wenzao, hesabu ya kawaida ya foleni inasema mteja atakaa pale wastani wa dakika 15 mpaka aondoke. Wakija 18, dakika 30. Wakija 19, saa nzima. Ameongezeka mteja mmoja tu kwa saa na muda umekuwa mara mbili, wakati wakala hajapunguza kasi hata kidogo. Meneja asiyejua hili atamfokea mhudumu, au atamfukuza, na foleni itabaki palepale. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kuwa sababu ya kusomea huduma kwa ngazi ya uzamili.

Kupima kwenyewe hakuhitaji fedha. Andaa karatasi yenye safu tatu: alifika saa ngapi, alianza kuhudumiwa saa ngapi, aliondoka saa ngapi. Andika na sekunde, maana kosa la nusu dakika kwenye huduma ya dakika 3 ni sehemu moja ya sita. Ongeza safu ya nne kwa wale wanaofika, wakaitazama foleni, wakageuza. Hao ndio husahaulika, na ndio fedha inayopotea. Kaa siku 10 za kazi, ziwemo za mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Siku ya kwanza usiitumie kwenye hesabu: wahudumu wakijua wanatazamwa, hukimbia kuliko kawaida yao.

Kila dakika 10 hesabu pia vichwa vilivyopo, upate njia ya kujikagua. John Little, mtafiti wa Marekani, alithibitisha mwaka 1961 kwamba idadi ya wastani ya waliopo ni kasi ya kufika ikizidishwa kwa muda wa wastani wa kukaa. Wakifika 24 kwa saa na waliopo kwa wastani ni 12, kila mmoja anakaa dakika 30. Karatasi yako ikisema dakika 18, kuna watu umewakosa.

Kisha zivunje zile dakika 3: kutaja namba, kuirudia, kungoja ujumbe, kuandika daftarini, kutafuta chenji. Pengine utakuta kinachokwamisha ni floti iliyoisha, yaani salio la wakala la kufanyia miamala, wakala akawa anapiga simu huku watu wanamtazama.

Usibebe fomula moja kila mahali, hata hivyo. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nyumba ya wageni inaweza kupokea watu wa behewa moja kwa mkupuo, na hesabu ya wanaofika mmojammoja haifai tena hapo. Vivyo hivyo msimu wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni: chumba kilichokosa mgeni Machi hakiwekwi ghalani kikauzwe Mei.

Kikwazo kikubwa ni ruhusa. Anayehesabu wateja anaonekana anahesabu mapato, na mwenye biashara anawaza kodi. Nenda na barua ya chuo, usiandike kiasi chochote cha fedha wala jina la mteja, na mwonyeshe karatasi yenyewe kabla hujaanza. Ukimaliza, mpe ukurasa mmoja: saa zinazofurika, dakika za kusubiri, walioondoka bila huduma, na hatua moja ya kubadilisha. Aupate kabla chuo hakijapokea nakala zake.