Baga haipimwi kwa macho

Kinachonikera ni mtu kuikata baga katikati, kuchungulia rangi, kisha kutangaza, "Hii imeiva!" Rangi haiaminiki jamani. Nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijafikia joto la kuua bakteria, na nyingine ikabaki na wekundu ilhali imeshaiva.

Juzi nilipewa moja, nje imeungua mpaka inakwaruza ulimi, ndani ni ya baridi na inateleza. Kulalamika, naambiwa mbona steki huliwa nyekundu? Steki ni pande zima! Bakteria kwa kawaida wanakaa juu, moto unawamaliza. Ukishaisaga, wa juu wote umewachanganya hadi ndani.

Joto la kufikia kwa baga ya ng'ombe ni nyuzi 71 za Selsiasi, katikati kabisa. Chomeka kipimajoto ubavuni mpaka ncha ifike kati, kazi ya sekunde chache tu.

Na huko kuigandamiza na mwiko kila dakika! Majimaji na mafuta yote yanachuruzika motoni, miali inaruka, nje panaungua, mlaji anabaki kutafuna gamba kavu. Iacheni itulie, igeuzeni, pimeni. Hiyo nyama wanakula na watoto.