Ethanoli kwenye petroli: asilimia 10 inayookoa 7

Serikali ikiagiza kila lita ya petroli iwe na asilimia 10 ya ethanoli, yaani pombe kali inayotengenezwa kwa mimea kama miwa, watetezi wa sera hutangaza kwamba petroli ya kuagiza itapungua kwa asilimia hiyo hiyo. Hesabu hiyo haisimami. Lita ya ethanoli ina takriban thuluthi mbili tu ya nishati iliyomo kwenye lita ya petroli, kwa hiyo gari hunywa zaidi kidogo, na akiba halisi hukaribia asilimia 7. Dizeli ya malori na matrekta haiguswi kabisa.

Lakini asilimia 7 ya dola za petroli si haba, hasa pale penye viwanda vya sukari. Tani moja ya molasi hutoa kama lita 220 hadi 250 za ethanoli, na molasi ni mabaki mazito ya kutengeneza sukari, yaliyopo tayari. Malawi imechanganya kwa njia hii tangu 1982. Molasi ikiisha na miwa ikaanza kulimwa kwa ajili ya tangi la gari, hapo ardhi, maji ya umwagiliaji na bei ya sukari huingia kwenye hesabu.

Usafi wa ethanoli, yaani kiasi inachopunguza gesi za kuongeza joto duniani, nao hutegemea moto wa boila ya kiwanda. Makapi ya miwa yakichemsha mtambo, faida ni kubwa. Yakitumika makaa ya mawe, sehemu kubwa ya faida huyeyuka kabla lita haijatoka kiwandani. Kisha kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za majitaka. Shambani, kwa kipimo, ni mbolea ya potasiamu. Mtoni humaliza oksijeni na kuua samaki.

Adui mkubwa wa mchanganyiko huu ni maji, na hapa ndipo waandishi wa sera hupita haraka mno. Ukenekaji wa kawaida, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke, hukwama kwenye ethanoli ya asilimia 95 au 96. Maji yaliyobaki hunaswa kwa chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, mpaka ethanoli ifike asilimia 99.5. Uchanganyaji hufanywa kwenye bohari ya mafuta, lori linapopakia. Kituo nacho lazima kikaushe na kusafisha tangi, kizibe mifuniko inayovuja, na kipime kwa dawa ya kutambua maji iliyotengenezwa kwa mafuta yenye ethanoli, maana ile ya zamani hudanganya. Tangi la lita 10,000 likiingiwa na kama lita 50 tu za maji, ethanoli huweza kuachana na petroli na kuzama pamoja na maji. Pampu hufyonza karibu na chini, basi magari huzimika njiani, na petroli iliyobaki juu imeshapungua okteni, yaani uwezo wa kuungua bila kugonga injini. Kuongeza petroli mpya hakutibu. Tangi humwagwa lote. Wiki za mwanzo filta nyingi pia huziba, kwa kuwa ethanoli hung'oa uchafu wa miaka.

Brazil ilianza programu yake mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sukari ilipopanda bei, miwa ilielekezwa kwenye sukari na wenye magari ya ethanoli tupu wakakosa mafuta. Imani ilirudi baada ya 2003, zilipoingia injini zinazokubali mchanganyiko wowote: dereva hununua ethanoli bei yake ikiwa chini ya asilimia 70 ya petroli.

Ndiyo maana sheria yenye kiwango kimoja kisichobadilika cha ethanoli ni dhaifu. Bora iweke kiwango cha chini na cha juu, kinachopangwa kila msimu kulingana na molasi iliyopo. Vinginevyo, mwaka wa ukame nchi italazimika kuagiza ethanoli yenyewe, kwa dola zilezile.