Mwenyekiti wa Mtaa Ana Muhuri, Hana Mfuko

Maji yakiingia sebuleni usiku wa manane mwezi Mei, hakuna mtu Tanga anayekwenda kumtafuta meya. Wala mkurugenzi, wala mkuu wa wilaya. Anayegongewa mlango ni mwenyekiti wa mtaa, naye hutoka na kikoi chake na tochi ya simu, awe wa chama chako au wa kile usichotaka kukisikia. Yeye ndiye serikali inayofika kwa miguu. Na katika mlolongo wote huo mrefu kutoka Dodoma hadi Ngamiani, yeye ndiye asiyekuwa na hata shilingi ya kununulia turubai.

Tunapenda kuzilaumu halmashauri kwa uvivu, na mara nyingi zinastahili. Lakini nadhani lawama yetu inakosea mahali. Ngazi iliyo karibu zaidi na janga tumeipa muhuri tukainyima mfuko, kisha kila masika tunashangaa kwa nini inakuja na pole tu.

Hebu tuuangalie mtaro ulioziba, maana ndiyo habari ya mji huu kila mwaka. Mtaro uko kando ya barabara ya mtaa. Zamani barabara ile ilikuwa mali ya halmashauri, na diwani angeweza kusimama barazani akamuuliza mhandisi wa jiji kwa nini haujazibuliwa. Mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa serikali kuu, barabara za mijini na vijijini zikahamia huko pamoja na mitaro yake na makalvati yake. Taka zinazoziba mtaro zimebaki za halmashauri. Bomba la maji linalopita chini yake ni la Tanga UWASA, mamlaka ya maji. Nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji ilipewa kibali na watu wa mipango miji, au haikupewa kibali kabisa na kila mtu akatazama pembeni. Ukikwama hapo, ukapiga 114, anakuja zimamoto, ambaye naye zamani alikuwa wa halmashauri hadi Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ilipomhamishia Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtaro mmoja, wenyewe watano, na maji hayasubiri wapigiane simu.

Kuna na habari ya kodi ya majengo. Hii ndiyo iliyokuwa kodi ya mji hasa: una nyumba mjini, unachangia mji. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulikwenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 tunaikatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme. Mimi sina ugomvi na LUKU, ni rahisi, hakuna foleni. Ila angalia kilichopotea. Ukikatwa kwenye umeme humuulizi mtu yeyote kodi yangu imefanya nini. Mpangaji analipa bila hata kujua kwamba ni kodi ya nyumba ya mwenye nyumba, hadi agundue, ndipo waanze kubishana na mwenye nyumba nani amrudishie nani. Ule uzi uliomfunga mwenye nyumba wa Barabara ya 10 na baraza lake la madiwani umekatika kimyakimya.

Sisemi kila kilichohamishwa kilihamishwa kwa makosa. Barabara nyingine zimependeza tangu zitoke mikononi mwa halmashauri, na Tanga UWASA mwanzoni mwa 2024 walifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji na kutunza vyanzo, na wanunuzi walikuwa wengi kuliko hatifungani zenyewe. Taasisi ya hapahapa kwetu ilikwenda sokoni ikaaminiwa. Basi tusiambiane kwamba watu wa Tanga hawawezi kushika fedha.

Wazee wanaokumbuka miaka ya sabini watakwambia haya si mageni. Mwaka 1972 serikali ilikuja na madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa, na za miji zikafuata baada ya muda mfupi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwasogezea wananchi maendeleo. Kilichotokea mijini ni kwamba mifereji ilikosa mwenyewe, taka zikakosa mwenyewe, vyoo vya masoko vikakosa mwenyewe, na kipindupindu kikaingia kikakuta mlango wazi. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria za mwaka 1982, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, ndizo zilizojenga upya mfumo tulio nao, na zikaanza kufanya kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia. Kiongozi wa nchi kukiri hadharani jambo la namna hiyo ni nadra, nami nalitaja kwa sababu serikali za mitaa za nchi hii zilirudi kutokana na dharura. Hakuna aliyezirudisha kwa kupenda demokrasia tu. Ni harufu ya mitaro.

Sasa sheria ya leo inasemaje? Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Inaweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata hadi kijiji na mtaa. Kwenye karatasi, mtaa wako una kamati ya maafa. Mwulize jirani yako wajumbe wake ni akina nani. Nimeuliza majirani zangu mwenyewe, pamoja na mmoja ambaye ni mjumbe wa serikali ya mtaa, akacheka akasema, "Labda mimi ni mmoja wao, sijaambiwa."

Kamati ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya. Naelewa sababu: polisi, zimamoto na vyombo vingine vinamsikiliza yeye, na katika janga lazima awepo wa kusema "twende" watu wakaenda. Lakini angalia sura nzima. Mkuu wa wilaya ameteuliwa. Mkurugenzi mwenye kushika kalamu ya malipo ameteuliwa. Meya amechaguliwa na madiwani, diwani na mwenyekiti wa mtaa wamechaguliwa na sisi, na hao watatu ndio ambao siku ya mafuriko huonekana nyuma kwenye picha wakishika mwavuli. Wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 walimchagua mtu wa kushika mwavuli.

Naomba nisieleweke vibaya, mwenyekiti wa mtaa si mtu wa bure. Bila yeye hupati barua ya utambulisho ya benki, ya NIDA, ya kumdhamini kijana wako polisi. Hana mshahara, ana posho ambayo nayo huja inavyotaka, ndiyo maana sehemu nyingine muhuri unagongwa kwa "chochote kitu" (hilo nalo tuliongelee siku moja, bila kuoneana haya). Ila mali yake kubwa kuliko muhuri ni majina. Anajua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea. Anajua nani amejifungua juzi. Anajua mpangaji wa chumba cha uani ni fundi umeme anayeweza kupanda kukata waya kabla watu hawajakanyaga maji. Helikopta haiwezi kukupa habari hiyo, wala ofisi yoyote iliyo ghorofani.

Ndiyo sababu nilifurahi mwaka 2022 nchi ilipofanya kazi ya anwani za makazi, sambamba na maandalizi ya sensa. Vibao vikabandikwa, nyumba zikapata namba, hata vichochoro vikapata majina. Sasa, daftari la wakazi lipo kwa mtendaji wa mtaa. Nyumba zina namba. Kinachobaki ni mtu kukaa chini kiangazi akaweka alama kwenye nyumba zenye wagonjwa, wazee na walemavu, na nyumba zilizo bondeni. Kazi ya siku chache kwa wajumbe wawili na kalamu. Haifanyiki, na haifanyiki kwa sababu hakuna kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti, na kitu kisicho na kasma katika ofisi zetu ni kama hakipo.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilifanya kazi yake vizuri sana. Taarifa zilitoka mapema, zikarudiwa, ramani zikasambaa simu kwa simu. Kimbunga kikaishia karibu na Mafia, sisi huku kaskazini tukasalimika. Lakini siku zile nilichokuwa nakitazama ni njia iliyopita taarifa kutoka makao makuu hadi kwa nahodha wa ngalawa pale Deep Sea au Sahare. Ilipita redioni, ikapita WhatsApp, ikapita kwenye vipaza sauti vya misikiti na kwa watu wa BMU, vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi, wanaofahamiana na wavuvi kwa majina. Mtu wa halmashauri kama halmashauri sikumwona kwenye mnyororo huo. Kama alikuwepo, aniwie radhi. Na tunakokwenda kuna mengine zaidi ya upepo: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, ndani ya jiji letu. Wataalamu wa kampuni watakuwa na mipango yao ya dharura, minene na yenye picha. Mwenyekiti wa mtaa wa kule anayo nakala? Akipigiwa simu usiku, anajua awaelekeze watu wakimbilie upande gani?

Huku kwetu bado tunampima diwani kwa mahudhurio ya misiba. Alikuja kuzika, alichangia pilau, alileta unga baada ya mafuriko: huyo ni diwani mzuri. Haya ni mema, na Uswahilini mtu asiyekuja msibani hana haki ya kuomba kura. Lakini unga wa Mei ni ushahidi kwamba kuna jambo halikufanyika Januari. Bajeti ya halmashauri huanza Julai. Kabla ya hapo imepita kwenye mtaa, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kwenye kamati za kudumu, kisha kwenye baraza, na sehemu kubwa ya mabishano inakuwa imekwisha kabla masika haijaanza. Ukikumbuka mtaro siku maji yamefika magotini, umechelewa kwa mwaka mzima wa fedha. Nani aliyesimama katika kikao cha kata akataka mtaro wetu uandikwe barua TARURA? Nani aliuliza vibali vilivyotolewa bondeni? Diwani anaweza kuwa hana mamlaka juu ya greda, lakini ana mamlaka ya kuuliza mpaka jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao, na meneja wa TARURA anaweza kuitwa ajibu mbele ya watu. Baraza likishughulika na ugomvi wa vyama, kama tulivyoona hapa Tanga baada ya uchaguzi wa 2015 CCM na CUF walipovutana juu ya kiti cha meya, kazi hiyo ya kuuliza ndiyo hufa kwanza.

Ninachopendekeza ni kidogo. Halmashauri tayari inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imezoea kutenga. Itenge tena, kipande chembamba tu, kiwe fungu la dharura linaloshuka hadi mtaani kabla ya masika na kabla ya vuli. Jiji letu lina kata 27 na mitaa isiyofika 200. Ukiupa kila mtaa shilingi laki tano kwa mwaka, hufiki milioni 100. Laki tano haijengi daraja, lakini inanunua maturubai, tochi, buti, kamba, koleo, dawa ya maji, na mafuta ya bajaji ya kumkimbiza mzazi hospitali ya Bombo.

Najua jibu litakaloletwa, maana nimeshaletewa: wataila. Mwenyekiti atanunua koleo moja ataandika kumi. Huenda. Lakini fedha ikiliwa ngazi za juu, mimi na wewe tunaisoma kwenye ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, baada ya mwaka, kwa lugha ya hoja na viambatanisho, na hatumjui aliyekula kwa sura. Ikiliwa mtaani, koleo tisa zinazokosekana zinajulikana kabla ya Ijumaa. Orodha ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya mtaa, vifaa vikaguliwe katika mkutano wa hadhara, mbele ya akina mama ambao wanajua bei ya turubai kuliko afisa manunuzi yeyote. Mwizi ninayemwamkia kila asubuhi, mimi naweza kumbana.

Kwa watu wa Tanga wanaosoma: mkutano ujao wa mtaa wenu ukitangazwa, nendeni na maswali mawili tu. Kamati yetu ya maafa ina nani, na mtaro wetu umeandikwa wapi. Mwenyekiti akijibu la kwanza kwa majina na la pili kwa tarehe ya kikao, mpigieni makofi. Akisema atafuatilia, muulizeni kwa nani.