Magemu mabichi: kiraka analipia nani?

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, PES (gemu la mpira wa miguu) inayochezwa bado ni ya zamani. Pedi zimechakaa hadi alama za vitufe zimefutika, benchi limejaa vijana wanaosubiri zamu, na kwenye skrini wanakimbia wachezaji ambao wengine walishastaafu mpira. Mgeni aliyeshuka na treni kutoka Dar hudhani matoleo mapya hayajafika huku kwa sababu ya umaskini. Umaskini upo, siukatai. Ila mwenye kibanda ukimuuliza atakupa sababu nyingine: la zamani ukiliwasha linacheza. Halidai intaneti, halidai apdeti, na lilipotoka kiwandani lilikuwa zima.

Naandika haya kwa sababu ya jibu moja ambalo wachezaji hupewa kila gemu la mtandaoni linapotoka bichi, yaani na kasoro. Wakilalamika huambiwa kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, gemu lenyewe ni la bure, kasoro zitarekebishwa kwa kiraka, yaani apdeti ya marekebisho, sasa shida iko wapi? Wanaosema hivyo si wajinga. Wengine wanaijua kompyuta kuliko mimi, na jibu lao lina ukweli ambao nitaupa nafasi yake. Lakini limeruka jambo ambalo mtu anayeishi Kigoma hawezi kuliruka.

Tuchukue gemu ambalo kijana yeyote hapa analijua. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami, kampuni inayotengeneza PES, walitoa eFootball 2022 kuwa mrithi wake. Injini ya gemu, yaani programu inayoliendesha, ilibadilishwa, kutoka Fox Engine kwenda Unreal Engine, jina la PES likaondolewa, na gemu likawa la bure. Toleo lilipewa namba 0.9.0, kwa hiyo hata wenyewe walijua kazi haijaisha. Timu zilikuwa tisa. Master League, sehemu ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu, haikuwemo. Sura za nyota wakubwa zilitoka zimepinda, picha zake zikazunguka dunia nzima, mpira ukawa unapita mahali usipopaswa kupita, na kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, tathmini za wachezaji zikalishusha mpaka mkiani kabisa. Kesho yake Konami wakaomba radhi. Marekebisho yaliyoahidiwa Oktoba yakasogezwa hadi Novemba, na toleo lenye namba 1.0.0 likafika tarehe 14 Aprili 2022. Kati ya gemu kutoka na gemu kukamilika palipita miezi sita na nusu.

Watengenezaji wana hoja, na hoja yenyewe ni ya kiufundi. Gemu la kucheza peke yako unaweza kulijaribu ofisini hadi ukaridhika. La watu wengi mtandaoni haliko hivyo, kwa sababu wafanyakazi mia mbili hawawezi kuiga purukushani za watu milioni wanaoingia kwa saa moja, kila mmoja na simu yake, mtandao wake na tabia yake. Kampuni ya Blizzard walikaa na gemu lao la Diablo III kwa miaka, hawakukosa fedha wala wataalamu, lakini usiku wa tarehe 15 Mei 2012 seva zililemewa, na maelfu ya waliokwisha kulinunua wakabaki wanatazama maandishi ya kosa namba 37. Mafundi wa maboti pale Kibirizi wangelielewa hili upesi. Boti jipya la mbao, hata likitiwa kalafati na fundi bora, siku ya kwanza majini huvuja kidogo, mpaka mbao zinywe maji, zivimbe, na maungio yabanane. Kazi hiyo huwezi kuimalizia nchi kavu.

Tena wapo waliotoa kitu kibichi wakakiivisha kweli. Minecraft iliuzwa tangu 2009 ikiwa haijakamilika, na wanunuzi waliambiwa hivyo waziwazi, hadi toleo 1.0 lilipotoka Novemba 2011. No Man's Sky ilipotoka Agosti 2016, wachezaji wawili walikutana mahali pamoja ndani ya sayari moja na hakuna aliyemwona mwenzake, wakati watu waliaminishwa kwamba kukutana kunawezekana. Kampuni ndogo iliyoitengeneza iliendelea kufanya kazi, na Julai 2018 wachezaji wakaanza kuonana kikamilifu. Final Fantasy XIV ndiyo inayonigusa zaidi. Ilitoka Septemba 2010 ikiwa hovyo, kampuni ikaomba radhi, ikaacha kutoza ada ya mwezi kwa zaidi ya mwaka mzima, ikambadilisha kiongozi wa kazi, halafu ikalizima gemu lote na kulijenga upya hadi Agosti 2013. Watu wa namna hiyo wanastahili heshima.

Hata hivyo, turudi kwenye boti. Siku ile linaponywa maji hufungwa ufukweni, fundi yuko pembeni na kopo la kuchotea, na hakuna anayekata tiketi ya kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Magemu mengi mabichi hufanya kinyume. Yanatangazwa kama bidhaa iliyokwisha, wengine wanalipishwa bei kamili, na safari inaanza hapo hapo. Abiria wanachota maji wenyewe.

Na maji hayo yana bei, ambayo mtu wa mji wenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo haioni. Kwake apdeti ni usumbufu wa dakika chache: anaibonyeza, anakwenda kula, akirudi ipo. Hapa apdeti hununuliwa. Wakati wa mjadala mkubwa wa bei za bando, bei elekezi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Fanya hesabu. GB moja ya marekebisho ni kama shilingi 2,030 ukibahatika, na shilingi 9,350 usipobahatika.

Sasa chukua Halo: The Master Chief Collection ya Novemba 2014. Mnunuzi alipewa diski, akaiweka kwenye mashine, akaambiwa apakue GB 20 nyingine siku hiyo hiyo. Kwa bei ya chini kabisa ya TCRA hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000, na kwa bei ya juu ni 187,000, kabla hajapiga risasi moja. Baada ya yote hayo sehemu ya kucheza mtandaoni ilikuwa haifanyi kazi vizuri, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa. Hesabu ya muda nayo ni hii: mtandao wa megabiti tano kwa sekunde, ambao kwa mitaa mingi ya kwetu ni mzuri, unahitaji karibu saa tisa kushusha GB 20, na hapo umeme usikatike hata mara moja. Mji huu umeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika. Anayekumbuka siku hizo anajua saa tisa za umeme mfululizo zilivyokuwa adimu.

Mfano unaonikera kuliko wote ni wa Septemba 2015, Activision walipotoa Tony Hawk's Pro Skater 5. Diski ilikuwa na GB 4.6. Kiraka cha siku ya kwanza kilikuwa na GB 7.7. Kiraka kikubwa kuliko nguo! Bila kukipakua, mnunuzi alipata mafunzo ya mwanzo na sehemu ya kujitengenezea uwanja, basi. Nimezirudia namba hizi mara nyingi kichwani na bado sijaona namna ya kuzitetea. Aliyenunua diski ile mahali penye mtandao wa taabu alinunua sanduku tupu. Nani alimwambia? Na kiraka kile, pamoja na uzito wake wote, hakikuliponya gemu.

Utasikia kwamba aliyeumia anaweza kudai fedha zake. Ni kweli, na baadhi ya kampuni zimefanya vyema hapo. Konami walirudisha fedha za kifurushi kilichoagizwa mapema. Sony walipoizima Concord tarehe 6 Septemba 2024, wiki mbili tu baada ya kuitoa, walirudisha fedha za wanunuzi wote. The Day Before ilitoka tarehe 7 Desemba 2023, siku nne baadaye kampuni yake ikatangaza kufunga, na wanunuzi wakarudishiwa. Lakini kinachorudishwa ni bei ya gemu. Bando lililotumika kulishusha halirudishwi na mtu yeyote, wala usiku uliokesha ukisubiri asilimia zipande. Na gemu likiwa la bure, kama eFootball, hakuna hata cha kurudisha: kila shilingi uliyoitumia ilikwenda kwenye bando. Ndiyo maana neno bure linaniuma likitumika kumnyamazisha kijana wa Gungu, hapa hapa Kigoma. Kwake hakuna gemu la mtandaoni lililowahi kuwa la bure.

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa kabisa. Mchezaji wa huku yuko mbali na seva. Kutoka Kigoma hadi Frankfurt, kwa mfano, ni zaidi ya kilomita 6,000 ukipiga mstari mnyoofu, na mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu kunakula zaidi ya sehemu 60 za elfu za sekunde, na hapo mkongo haupiti mstari mnyoofu. Huelekea Dar kwanza, zaidi ya kilomita elfu moja, ndipo uingie baharini. Mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, nchi nzima ililiona hilo. Mchezaji wa huku amezoea kukwamakwama, kwa hiyo likitoka gemu bichi ambalo kosa lake ni la gemu lenyewe, jambo la kwanza analofanya ni kujilaumu. Anahama chumba. Anapanda kilima. Anabadilisha laini. Ananunua bando lingine lenye kasi zaidi. Baada ya wiki mbili ndipo anasoma kwamba hata walioko karibu na seva gemu linawakatalia vile vile. Mwenzake wa Ulaya alijua siku ya kwanza, kwa kuwa mtandao wake hana sababu ya kuushuku. Wa Kigoma amelipia pia gharama ya kugundua kosa lisilo lake.

Hoja kwamba watarekebisha nayo ina shimo. Wapo ambao hawakurekebisha. Anthem ilitoka Februari 2019, EA na BioWare wakaahidi kuifanyia ukarabati mkubwa, Februari 2021 ukarabati ukafutwa, na Januari 2026 seva zikazimwa. Kwa kuwa gemu lile halichezeki bila seva, aliyelinunua akasubiri amebaki bila kitu. Subira wanayoidai haina hati wala tarehe.

Hata wanaorekebisha, swali ni wanakuacha na nini wakati unasubiri. Square Enix, wenye Final Fantasy XIV, waliacha kutoza ada. Konami kwenye simu walifanya tofauti: Juni 2022 PES 2021 iliyokuwa kwenye simu za watu iligeuzwa kuwa eFootball kwa apdeti. Kufikia hapo gemu jipya lilikuwa limetengemaa zaidi, nakiri. Lakini mtu aliyekuwa na kitu anachokipenda, kinachofanya kazi, alibadilishiwa bila ya kuwa na njia ya kubaki nacho. Vibandani hilo lisingewezekana, kwa sababu pale gemu liko kwenye mashine na funguo anazo mwenye mashine. Vijana wameyachukua matoleo ya zamani, wameyatia jezi za Simba na Yanga kwa mikono yao, na mwenye kampuni huko Tokyo hana namna ya kuyagusa.

Kwa hiyo sidai kwamba kila gemu litoke bila doa. Nimeshasema kwa nini haiwezekani. Ninachotaka ni kidogo na kinatekelezeka. Kama ni jaribio, liitwe jaribio, na aliyejitolea kujaribu asilipishwe kama mnunuzi. Ukubwa wa kiraka cha siku ya kwanza uandikwe mahali pale pale penye bei, kwa GB, ili mtu apige hesabu ya bando kabla hajatoa fedha. Viraka vije vidogo vidogo, kwa sehemu zilizobadilika tu, na mtu aruhusiwe kuacha asizozihitaji. Na toleo la zamani lisiguswe mpaka jipya liweze kufanya yote ambayo la zamani lilikuwa linafanya, hadi Master League, hadi kucheza wawili kwenye skrini moja usiku ambao mtandao haupo.