Mfungwa mwenye saratani: afie Isanga au nyumbani?

Katika misamaha ya Rais ya sikukuu za Muungano (26 Aprili) na Uhuru (9 Desemba), mara nyingi limo kundi la wafungwa wenye UKIMWI, kifua kikuu au saratani iliyofika hatua ya mwisho, wakithibitishwa na jopo la waganga chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya. Kwa hiyo mgonjwa aliyeko Gereza la Isanga, hapa Dodoma, ana tumaini. Ila saratani ya ini haisubiri sikukuu.

Wanaopinga wagonjwa hawa kuachiwa si watu wa roho mbaya. Aliyeumizwa hataki kupishana na mbaya wake Soko la Majengo. Na madaktari hukosea: Abdelbaset al-Megrahi, aliyefungwa kwa kulipuliwa kwa ndege juu ya mji wa Lockerbie, aliachiwa na Scotland mwaka 2009 akikadiriwa kubakiza miezi kama mitatu. Alifariki Mei 2012. Mimi naona hilo linadai masharti tu, na Ibara ya 45 ya Katiba inaruhusu msamaha wa masharti. Tena ndani ya ibara hiyo hakuna sikukuu iliyotajwa.

Lakini watetezi nao wanarahisisha mambo. Mtu anarudishwa kijijini Mpwapwa au Kondoa, mke alishaolewa kwingine, ndugu hawamtaki, na mofini, dawa kali ya maumivu, iko mbali. Gerezani angalau mwenzake wa selo anamfulia na kumgeuza. Kumtoa hivyo ni serikali kujitua mzigo, na kuuita huruma.

Halafu wapo wasiotoka kabisa. Waliohukumiwa kunyongwa, wa kifungo cha maisha, wabakaji: kwa kawaida orodha za msamaha huwaacha nje. Hao ndio mjadala unaowasahau. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015) zinataka mfungwa atibiwe sawa na raia aliye nje. Kwa vitendo, kila kliniki inahitaji gari, mafuta na askari wa kumsindikiza, na mgonjwa wa saratani haendi mara moja. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, nayo ni dawa inayodhibitiwa. Haiachwi chini ya mto. Selo zikishafungwa jioni, maumivu yakirudi saa nane usiku, nani anakuja na funguo na chupa?

Kwangu, swali hilo lijibiwe kwanza. La msamaha lifuate, jopo likae mwezi wowote, na faili lisisainiwe bila jina la ndugu wa kumpokea na kituo atakachochukulia dawa.