Hoja ya Bei na Mipaka Yake

Mwaka 1920 Ludwig von Mises, mchumi wa Austria, aliwabana wajamaa kwa swali gumu: ikiwa viwanda vyote ni mali ya serikali na mashine haziuzwi wala hazinunuliwi, mtajuaje kama chuma kilichopo kinafaa zaidi kuwa reli au majembe? Oskar Lange wa Poland alijibu katika miaka ya 1930 kwamba wapangaji wa uchumi serikalini wanaweza kupandisha bei bidhaa inapoadimika na kuishusha inapojaa. Friedrich Hayek, mchumi mwingine wa Austria, hakuridhika. Mwaka 1945 aliandika kuwa ujuzi unaohitajika umetawanyika kwa watu wengi mno, kila mmoja na kipande chake, na hakuna ofisi inayoweza kuukusanya wote.

Umoja wa Kisovieti ulithibitisha maneno yake kwa namna ya kusikitisha. Bei ya mkate, iliyopangwa na serikali, ilikuwa ya chini kiasi kwamba wafugaji waliwalisha ng'ombe na nguruwe mikate iliyokwisha kuokwa, na mwaka 1963 nchi hiyo ililazimika kuagiza ngano kutoka nje. Wafugaji wale hawakuwa wahujumu. Waliifuata bei, nayo bei ilikuwa ikiwadanganya.

Hapo nipo upande wa soko bila kusita. Nisichokubali ni hoja hiyohiyo kugeuzwa rungu la kumpiga kila mpinzani, akiwemo John Maynard Keynes, mchumi wa Uingereza aliyetaka serikali itumie fedha zaidi uchumi unapodorora. Keynes hakutaka kufuta bei. Alikuwa akitazama mdororo wa uchumi ambao mwaka 1933 uliiacha Marekani na takriban mtu mmoja kati ya wanne wa nguvukazi bila ajira. Kuambiwa kwamba ujira ukishuka kazi zitarudi hakutoshi, kwa sababu ujira wa huyu ndio mauzo ya yule.

Ni kweli, wafuasi wake nao walijiamini kupita kiasi. Milton Friedman, mchumi wa Marekani, alionya mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba ajira haiwezi kununuliwa milele kwa mfumuko wa bei, na muongo uliofuata ukampa haki: bei na ukosefu wa ajira vilipanda pamoja.

Lakini soko nalo lina deni. Oktoba 2008, katikati ya msukosuko wa mabenki, Alan Greenspan, aliyeongoza benki kuu ya Marekani kwa zaidi ya miaka 18, alikiri mbele ya Bunge kwamba alikosea kuamini kuwa benki, kwa kujali maslahi yao, zingewalinda wanahisa wao wenyewe.