Shokapu za bei poa ziachieni wenye lami

Mimi niko Dortmund, Ujerumani, nina kiopel kikuukuu, na chini yake kuna shokapu (vile vizuia mtikisiko vya magurudumu) za Bilstein, kampuni ya Kijerumani. Kaka yangu yuko Mwanga, Kigoma mjini. Noah yake inabeba abiria, dagaa na madumu ya mawese kutoka upande wa Ilagala, na kwa miaka yote amefunga shokapu za boksi jeupe lisilo na jina. Nikikaa nikawaza, naona tumepeana visivyo.

Najua mtasema, “Wewe una hela za Ulaya.” Sawa, hela ipo kidogo. Lakini sikununua kitu kizuri kwa akili zangu. Kila baada ya miaka 2 gari linapelekwa ukaguzini, na mkaguzi akiona shokapu inavuja hupati stika ya kubandika kwenye namba ya nyuma. Ndiyo maana unanyooka. Laiti wangeniachia niamue mwenyewe, kwa hii lami ya huku hata za boksi jeupe zingenivusha miaka.

Kigoma habari nyingine. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, na ule mtikisiko unageuka joto. Kwenye lami inapata nafasi ya kupoa. Kwenye vumbi lenye mawimbi-mawimbi haipumziki hata sekunde moja: mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa na kutoa povu. Pistoni ikishaanza kupita kwenye povu, gari linaelea kama mtumbwi, na breki unayokanyaga inachelewa kushika kwa sababu tairi linarukaruka. Za gesi zimewekewa naitrojeni inayobana mafuta yasitoe povu kirahisi. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia, pamoja na sili isiyokatwa na vumbi mapema.

Halafu kuna spesa, vile vipande vya kuinulia springi. Ndugu zangu, hapa sitanii. Fundi anainua Noah kwa spesa ipite kwenye makorongo, shokapu ni ileile fupi. Inakaa imevutika karibu na mwisho wake, kila gurudumu likishuka shimoni inagonga. Baada ya hapo analaumiwa Mchina! Huku ukiinua gari lazima vifaa viwe na hati, na mara nyingi viandikwe kwenye kadi ya gari. Usumbufu, ndiyo, ila usumbufu wenye sababu.

Kwa mwaka mmoja kaka alibadilisha jozi ya mbele mara tatu. Mara ya tatu nilituma hela ya shokapu za Kayaba, kampuni ya Kijapani, kamili, nikajiona nimemaliza kazi. Duka moja la Dar likampa boksi la Kayaba lenye kitu kingine ndani. Maandishi yalifutika kwa kidole chenye grisi. Kwa hiyo msinielewe kwamba ghali ndiyo nzuri. Ghali feki inauma kuliko rahisi, maana rahisi angalau haikukudanganya.

Sasa tumebadilisha utaratibu. Kwanza tunatafuta namba ya spea kwa namba ya chesesi, kwa sababu Noah kama yake haikuuzwa rasmi huku na mimi siwezi kuingia dukani Dortmund nikaulizia. Kisha anayenunua anapiga picha boksi, namba na shokapu yenyewe kabla hela haijatoka. Zinafungwa mbili kwa pamoja, na raba mpya za juu, spesa zikae pembeni.

Juzi akanipigia. “Mdogo wangu, gari limekuwa gumu, abiria wa nyuma wananung’unika.” Nikamwambia apakie mawese kwanza ndipo alalamike. Akacheka, akaniuliza kama na bushi, zile raba za maungio ya chini ya gari, nazo ni lazima ziwe za maana. Hapo tumegoma wote wawili, mpaka mwisho wa mwezi.